Pampu Haitengenezi Ombwe: Hotuba kuhusu Kondensa za Meli za Mvuke

Ndugu wahandisi, mafundi wa chumba cha mashine, na vijana mnaojifunza kazi hii, salamu kwenu nyote.

Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuboresha kondensa, yaani chombo kinachopooza mvuke uliotoka kwenye turbini na kuugeuza maji, pamoja na pampu za ombwe melini. Wengi wakisikia mada hiyo hufikiria vifaa vipya: ejekta kubwa zaidi (kifaa kinachovuta hewa kwa mkondo wa mvuke), pampu ya umeme badala ya ejekta, mirija ya titani. Tutafika huko. Lakini kwanza tukubaliane juu ya jambo moja, maana lisipoeleweka fedha zote zitakazofuata zitapotea. Ombwe la kondensa halitengenezwi na pampu. Linatengenezwa na ubaridi wa maji ya bahari.

Kilo moja ya mvuke mkavu kwenye presha ya kilopaskali 5 inajaza mita za ujazo 28 hivi. Ikigusa mrija wa baridi inageuka lita moja ya maji, na nafasi inayobaki tupu ndiyo ombwe lenyewe. Pampu ya hewa ina kazi moja tu, nayo ni kuondoa hewa na gesi nyingine zisizogeuka maji. Asiyelijua hilo ataagiza pampu kubwa kila ombwe linapopungua. Pampu italetwa, itafungwa, itawashwa, na geji itabaki palepale, kwa sababu tatizo lilikuwa tope ndani ya mirija au gasketi iliyochoka chini ya turbini.

Kwa nini tuhangaike na milimita chache za zebaki? Chukueni turbini inayopokea mvuke wa megapaskali 6 na joto la nyuzi 510 za Selsiasi. Kondensa ikiwa kwenye kilopaskali 5, kila kilo ya mvuke inaweza kutoa, kwa hesabu ya nadharia, takriban kilojuli 1,340 za kazi. Kondensa ikipanda hadi kilopaskali 7, kiasi hicho kinashuka hadi 1,300. Kwenye geji mtaona tofauti ya milimita 15 tu, kutoka 722 hadi 707. Kwenye mafuta ni karibu asilimia 3, saa baada ya saa, safari nzima.

Injini za pistoni hazikuumia kiasi hicho. Ili zitumie mvuke mwembamba namna hiyo zingehitaji silinda ya mwisho yenye ukubwa usiobebeka. Turbini ya Charles Parsons, iliyoonyeshwa na chombo Turbinia mbele ya meli za kivita huko Spithead mwaka 1897, ndiyo iliyofanya ombwe la kina liwe na thamani. Kondensa yenyewe ya mirija, inayotenga maji ya bahari na maji ya boila, ilikuwepo tayari. Samuel Hall aliipatia hataza mwaka 1834, na meli Sirius iliyovuka Atlantiki mwaka 1838 ilikuwa nayo. Kabla ya hapo mvuke ulinyunyiziwa maji ya bahari moja kwa moja, chumvi ikarudi kwenye boila.

Sasa tuingie kazini, tuanze na kupima. Geji ya kawaida ya ombwe husoma tofauti kati ya presha ya nje na presha ya ndani ya kondensa. Kwa hiyo bila barometa usomaji huo ni nusu ya habari. Barometa ikiwa 760 na geji 722, presha halisi ndani ni milimita 38. Meli ikiingia kwenye hali mbaya ya hewa, barometa ikashuka hadi 740 na geji ikasoma 702, mtu wa zamu atashtuka, kumbe presha ya ndani ni ileile 38. Hatari zaidi ni kinyume chake. Barometa imepanda hadi 775, geji bado inasoma 722, kila mtu ameridhika, na presha halisi imeshafika 53. Hizo ni kilopaskali 7, ile hasara ya asilimia 3 tuliyoitaja, na hakuna aliyeiona. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua mwaka huu, kiwe geji ya presha halisi. Ifungwe juu ya kiwango cha bomba lake, na bomba hilo literemke kuelekea kondensa lote bila kona ya kukusanya maji. Maji yenye kimo cha sentimita 10 ndani ya bomba hilo yanadanganya kwa kilopaskali 1 nzima.

Pamoja na presha tunahitaji joto la sehemu tatu: maji ya bahari yakiingia, maji hayohayo yakitoka, na maji ya kondensa kwenye kisima chake cha chini. Presha inatupa joto la nne kwa kusoma jedwali la mvuke. Kwenye kilopaskali 5, mvuke hugeuka maji kwenye nyuzi 33. Tuseme bahari ina nyuzi 22, maji yanatoka na 30, kisima kina 32.5. Hapo tunapata namba tatu za kuandika kwenye daftari kila zamu. Ya kwanza ni kupanda kwa maji: 30 toa 22, yaani nyuzi 8. Ya pili ni pengo la mwisho: 33 toa 30, yaani 3. Ya tatu ni upoozaji wa ziada: 33 toa 32.5, yaani nusu nyuzi. Ukizijua namba hizi tatu mzigo ukiwa uleule, kondensa inakueleza yenyewe inaumwa wapi.

Kupanda kwa maji kukiongezeka, maji ya bahari yamepungua. Kukitoka nyuzi 8 kukafika 11, zaidi ya robo ya maji imepotea. Hapo tazameni tofauti ya presha kati ya sanduku la maji la kuingilia na la kutokea. Maji yamepungua na tofauti imeongezeka: mirija imeziba, kome, magugu au vipande vya plastiki vimekaa mbele ya bamba la mirija. Maji yamepungua na tofauti nayo imepungua: tatizo liko kabla ya kondensa, kwenye wavu wa ubavuni, pampu ya mzunguko iliyolika, au vali ya kinga inayorudisha maji kwenye njia ya skupu. Kwa meli zenye skupu, ambapo mwendo wa meli ndio unaosukuma maji wakati pampu imepumzika, vali hiyo isipokaa vizuri sehemu ya maji huzunguka bure na kurudi baharini. Kisha kuna hewa iliyonaswa juu ya sanduku la maji. Safu za juu za mirija hukauka, na kifaa kinachotibu hali hiyo ni vali ndogo ya kutolea hewa ambayo mara nyingi hupatikana imefungwa au imeziba kwa chumvi. Ifunguliwe wakati wote, maji yatoke kidogo kidogo. Melini tunaongeza jambo la bahari yenyewe: kwenye maji mafupi tumieni mlango wa juu wa kuvutia maji ili kuepuka mchanga, na baharini tumieni wa chini, kwa sababu meli ikiyumba mlango wa juu huvuta hewa.

Pengo la mwisho likiongezeka, joto halipiti vizuri kwenye ukuta wa mrija. Washukiwa ni wawili: uchafu upande wa maji, au hewa upande wa mvuke. Tuanze na uchafu, maana ukubwa wa madhara yake huwashangaza wengi. Ute wa viumbe vya baharini una uwezo wa kupitisha joto unaokaribia ule wa maji yaliyotulia, wati 0.6 kwa mita kwa nyuzi. Kondensa safi yenye kiwango cha wati 3,000 kwa mita ya mraba kwa nyuzi, ikipata ute wa unene wa milimita 0.1, inashuka hadi 2,000. Theluthi ya uwezo imeondolewa na utando ambao ukipitisha kidole unahisi utelezi tu. Katika mfano wetu, pengo la nyuzi 3 linakuwa karibu 6, joto la mvuke linapanda hadi nyuzi 35.8, na presha inafika kilopaskali 5.9. Geji inashuka kutoka 722 hadi 716. Milimita sita hazimshtui mtu, na ndiyo maana ute hukaa miezi.

Hewa hufanya kazi tofauti. Ndani ya kondensa, presha tunayosoma ni jumla ya presha ya mvuke na presha ya hewa. Maji ya kisima yakiwa nyuzi 30 wakati presha ni ya nyuzi 33, mvuke pale chini una kilopaskali 4.25 tu kati ya 5.03. Kilopaskali 0.78 zilizobaki zimeshikwa na hewa. Hewa hiyo hujikusanya kama blanketi kuzunguka mirija, na mvuke lazima upenye blanketi hilo kabla ya kugusa ubaridi. Kwa hiyo ishara ya hewa ni kwamba pengo la mwisho na upoozaji wa ziada hupanda pamoja, na oksijeni kwenye maji ya kulishia boila hupanda nayo. Uchafu huongeza pengo peke yake, tena polepole. Upoozaji wa ziada ukipanda peke yake, angalia kiwango cha maji kisimani: yakifunika safu za chini za mirija hupoozwa bila sababu, na joto hilo boila italilipia.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo uboreshaji wa kweli unapopatikana bila kununua pampu. Kila kondensa nzuri ina sehemu ya kupooza hewa, fungu la mirija lililotengwa kwa mabamba, ambamo mchanganyiko wa hewa na mvuke hupita mwisho kabla ya kuvutwa na pampu. Faida yake ihesabuni wenyewe. Presha ikiwa kilopaskali 5.03 na mchanganyiko ukavutwa ukiwa nyuzi 32, kila kilo ya hewa inaondoka na kilo 11 za mvuke. Mchanganyiko huohuo ukipoozwa hadi nyuzi 29, kila kilo ya hewa inaondoka na kilo 2.4 tu. Pampu ileile sasa inaondoa hewa mara kadhaa zaidi, kwa sababu haibebi mvuke bure. Mabamba hayo yakiliwa na kutu au yakipasuka kwa mtetemo, mvuke hukatiza njia na kuingia moja kwa moja kwenye bomba la kuvutia hewa. Dalili yake ni bomba hilo kuwa na joto karibu sawa na la mvuke wa kondensa. Fungeni kipimajoto pale. Kama hakuna tofauti ya nyuzi 3 au 4, tatizo haliko kwenye pampu. Meli ikipanda chelezo, mtu aingie upande wa mvuke na tochi, akague kila mshono wa bamba, na matundu yaliyozidi yazibwe kwa kuchomelewa.

Sasa kutafuta hewa inakoingilia. Jaribio la kwanza ni kufunga vali ya kuvutia hewa kwa dakika chache, mzigo ukiwa thabiti, na kuandika presha inavyopanda kila nusu dakika. Acheni dakika ya kwanza, hesabuni zinazofuata. Kwa kadirio, nafasi ya mvuke ikiwa mita za ujazo 100 na presha ikapanda kilopaskali 0.1 kwa dakika, hewa inayoingia ni karibu kilo 6.8 kwa saa. Hesabu hiyo haina usahihi wa maabara, maana hewa ikijikusanya inazuia pia mvuke kugeuka maji. Thamani yake ni kulinganisha: jaribio lilelile, mzigo uleule, kila mwezi.

Hewa hupenda kuingia wapi? Glandi za turbini ya presha ya chini kwanza, yaani vizibo pale ekseli inapotoka kwenye ganda, mvuke wa kuzibia ukiwa haujafika juu kidogo ya presha ya nje. Kisha kiungo cha kutanuka kati ya turbini na kondensa, vali ya kuvunja ombwe, diski ya usalama, glandi ya pampu ya kondensa isiyopata maji yake ya kuzibia, vioo vya kuonyesha kiwango cha maji, na shina za vali zote za kutolea maji zinazoishia kwenye kondensa. Wengi husahau mabomba ya mvuke wa kati, ule unaochukuliwa katikati ya turbini, yanayokwenda kwenye vipasha maji. Kwenye mwendo kamili yana presha zaidi ya hewa ya nje, kwa hiyo yakivuja mvuke unaonekana. Mwendo ukipunguzwa presha yao inashuka chini ya ile ya nje, yanaanza kunyonya. Kama ombwe lenu ni zuri baharini na baya mnapokaribia bandari, anzieni huko.

Kutafuta kwa mwali wa mshumaa kulikuwa desturi ya zamani. Kwenye meli inayobeba gesi au mafuta kusifanywe kabisa. Povu la kunyolea likipakwa kwenye mshono linanyonywa na kuacha shimo linaloonekana wazi, na linatosha kwa flanji nyingi. Kifaa cha kusikilizia sauti za juu husaidia kama chumba hakina makelele mengi. Njia nzuri kuliko zote wakati mashine inafanya kazi ni heliamu: mmoja ananyunyiza kidogo kwenye kiungo kimoja, mwingine anasoma kipima heliamu kwenye bomba la kutolea hewa la ejekta. Anza juu, shuka chini, maana heliamu hupanda na itakuchanganya. Mkiwa bandarini mnaweza kujaza upande wa mvuke maji safi ya vuguvugu hadi chini kidogo ya glandi za turbini na kutazama yanakotoka. Lakini kabla ya ndoo ya kwanza kuingia, kama kondensa imekaa juu ya springi, ifungeni nguzo zake za kuibeba. Springi zilipimwa kwa uzito wa kondensa inayofanya kazi, na uzito wa maji ya kujaza nafasi yote haumo kwenye hesabu hiyo.

Baada ya hayo yote ndipo tuigeukie pampu. Ejekta ya mvuke haina kitu kinachozunguka, na kwa sababu hiyo husahauliwa hadi iharibike. Nozeli yake hulika na mvuke wenye maji. Kipenyo kikiongezeka asilimia 5, mvuke unaotumika unaongezeka asilimia 10, umbo la ndani linaharibika, na nguvu ya kuvuta inapungua. Pimeni koo la nozeli kwa pini ya kipimo kila inapofunguliwa, na isafishwe kwa mti laini au kwa kuichovya kwenye dawa ya kuyeyusha magamba. Anayeingiza keekee ili kuisafisha ameitengenezea kipenyo kipya. Chujio la mvuke lisafishwe, na bomba la mvuke lichukuliwe juu ya bomba kuu, si chini yake, likiwa na mtego wa maji kabla ya vali. Presha ikishuka chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji, ejekta haidhoofiki polepole: mkondo unavunjika ghafla na hewa inarudi kondensani.

Kuna kasoro moja inayowazungusha mafundi siku nzima. Maji kutoka kipoozeo cha kati cha ejekta, kilicho kati ya hatua zake mbili za kuvuta, hurudi kwenye kondensa kupitia bomba lenye umbo la U lililojaa maji. Kipoozeo cha kati kikiwa na kilopaskali 20 na kondensa 5, tofauti ya 15 inahitaji safu ya maji yenye kimo cha mita 1.5, na bomba lazima liwe refu kuliko hapo. Safu hiyo ikivunjika, hewa iliyokwisha kuvutwa inarudi kondensani kupitia bomba hilo na kuvutwa tena, bila mwisho. Ejekta inaonekana inafanya kazi kwa bidii na ombwe halipandi. Gusa bomba la U: likiwa na joto sawa pande zote mbili na lina mtetemo, limekauka. Funga vali yake kwa muda, lijaze maji safi, kisha ifungue polepole.

Jambo jingine la ejekta ni kwamba hupoozwa na maji ya kondensa yanayokwenda kwenye boila. Meli ikienda polepole maji hayo ni machache, vipoozeo vinapata moto, na mvuke unaanza kutoka kwenye bomba la hewa. Ndiyo kazi ya vali ya kurudisha maji kondensani. Wakati wa kuingia bandarini hakikisheni imefunguka. Na katika kuwasha, mpangilio ni huu: maji ya bahari yazunguke, pampu ya kondensa iwake na vali ya kurudisha iwe wazi, rota ya turbini izungushwe na mtambo wake wa polepole, ndipo mvuke wa glandi uingizwe, kisha hatua ya pili ya ejekta, na ombwe likifika karibu milimita 500, hatua ya kwanza. Mvuke wa glandi kwenye rota iliyosimama huipasha upande mmoja na kuipinda.

Pampu ya pete ya maji, ambayo baadhi ya meli za kubebea gesi zinaitumia badala ya ejekta, ina mpaka mmoja wa kimaumbile. Pete ya maji ndani yake ina presha yake ya mvuke. Maji hayo yakiwa nyuzi 25 mpaka ni kilopaskali 3.2, yakiwa 30 ni 4.25, yakiwa 35 ni 5.6. Maana yake, pampu yenye maji ya nyuzi 35 haiwezi kufika kilopaskali 5 hata ikizungushwa milele. Maji yenyewe yanaanza kuchemka, mnasikia sauti kama kokoto zikigongana ndani, na gurudumu la mapanga linaliwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya pampu hii dhaifu ni kufungua kipoozeo chake kidogo na kukisafisha, kuhakikisha kiwango cha maji kwenye tangi la kutenganisha, na kubadilisha maji yaliyochafuka. Zile zenye ejekta ya hewa mbele yake hufika kina zaidi. Mwisho, vali ya kuzuia kurudi kwenye bomba la kuvutia ijaribiwe: pampu ikizimika ghafla na vali hiyo ikabaki wazi, hewa yote ya nje ina njia ya kuingia.

Tuje kwenye mirija. Kasi ya maji ndani yake ina mipaka miwili. Chini ya mita 1 kwa sekunde, tope na ute vinakaa. Juu yake kuna kikomo cha madini yenyewe: shaba-nyeupe ya alumini haipendi kuzidi mita 2 na kitu, aloi ya shaba na nikeli ya 90/10 (asilimia 90 shaba, 10 nikeli) inavumilia zaidi kidogo, na 70/30 zaidi ya hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mirija ya kondensa kutoboka kulisumbua sana meli za kivita za Uingereza, na utafiti uliofuata ulichangia matumizi ya aloi hizi. Mahali panapoliwa kwanza ni sentimita chache za mwanzo, maji yanapoingia kwa msukosuko. Vipande vya plastiki vya kuvika mdomo wa mrija hupunguza ulaji huo kwa gharama ndogo.

Titani hailiki kwa kasi ya kawaida wala kwa maji machafu ya bandari, lakini haibadilishwi hivihivi. Inapitisha joto vibaya kuliko shaba, ndiyo maana huwekwa nyembamba, unene wa nusu milimita hivi. Wembamba huo unaifanya itetemeke, kwa hiyo umbali wa mabamba ya kushikilia uliotosha mirija ya zamani huenda usitoshe. Haina shaba ya kuwafukuza kome, hivyo inahitaji klorini zaidi. Na kinga ya umeme ya sanduku la maji dhidi ya kutu ikisukuma titani chini ya volti −0.75, ikipimwa kwa elektrodi ya kalomeli, madini yananyonya haidrojeni na kuwa dhaifu kama kioo. Anayebadili mirija abadili na mpango wa anodi za kinga hiyo.

Usafishaji wa mirija ya shaba ufanywe kwa brashi za nailoni au vichokoo vya plastiki vinavyosukumwa kwa maji. Chuma kinakwangua utando mwembamba unaoilinda. Mkikaa bandarini siku kadhaa, msiache maji ya bahari yamelala ndani: viumbe vikioza hutoa salfaidi inayokula shaba. Yamwageni, suuzeni kwa maji baridi, acheni pakauke.

Mrija ukitoboka, maji ya bahari huvutwa ndani na ombwe. Bahari ina miligramu 19,000 hivi za kloridi kwa lita. Lita moja kwa saa ikiingia kwenye tani 100 za maji ya kondensa kwa saa, inaongeza miligramu 0.19 tu kwa lita, lakini boila inahifadhi yote. Boila zikiwa na tani 50 za maji, baada ya saa 24 bila kumwaga zina ongezeko la miligramu 9 kwa lita. Kipima chumvi kikilia, thibitisheni kwa sampuli, ongezeni umwagaji wa maji ya boila, fuateni dawa zake kwa karibu. Unga wa mbao ukitiwa kwenye maji yanayoingia huvutwa na tundu na kuliziba kwa muda, na umeokoa safari nyingi, ila ni wa kufikia bandari tu. Kupata mrija wenyewe, mwageni sanduku la maji huku ombwe likibaki kidogo upande wa mvuke, tandazeni karatasi nyembamba ya plastiki kwenye bamba, na itanyonywa kwenye mdomo wa mrija mbovu. Zibeni pande zote mbili, na wekeni alama kwenye ramani ya bamba. Alama zikikusanyika sehemu moja, tafuteni sababu ya sehemu hiyo: kitu kilichokwama, mvuke unaopiga, au mtetemo.

Ombwe likishuka ghafla njiani, punguzeni mwendo kwanza, kisha tafuteni. Maji ya bahari, kiwango cha kisima na pampu ya kondensa, mvuke wa glandi, mvuke wa ejekta, bomba la U, kwa mpangilio huo. Pampu ya kondensa ikisimama hupiga mara mbili, kwa kuwa kisima kinajaa na vipoozeo vya ejekta vinakosa maji.

Kabla ya kufungua sanduku la maji, vali za bahari na ya skupu zifungwe, zifungiwe kufuli, na mota za umeme zinazoziendesha zikatwe umeme. Fungua kwanza tundu la chini uone maji yamekwisha kweli kabla ya kulegeza nati za mlango. Viumbe vilivyooza vinatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, kwa hiyo hewa ipimwe, oksijeni na gesi hiyo, kabla ya kichwa cha mtu kuingia, na mwenzake asimame nje muda wote. Kazi ikiisha, hesabuni brashi na vichokoo vyote vilivyoingia. Jazeni maji polepole vali ya hewa ya juu ikiwa wazi hadi itoe maji bila mapovu, kagueni milango, kisha ombwe liinuliwe. Ndani ya saa 24 za kwanza za mwendo kamili, andikeni presha halisi, joto la sehemu zote, tofauti ya presha ya maji, na jaribio la kufunga vali ya hewa. Namba hizo za kondensa safi zibandikwe kwenye chumba cha kudhibitia mashine, na zamu zote zilinganishe nazo hadi kondensa itakapofunguliwa tena.